Picha na Maneno Vilingane

Mjukuu wangu kazi yake ni uso. Si uso wa mtu, maana hapaki watu wanja wala hachongi nyusi. Ni uso wa chuo. Kile chuo kishiriki kilicho juu ya barabara ya lami, chenye geti la chuma na mlinzi anayesinzia huku kasimama, kina mahali pake kwenye mtandao panapoitwa tovuti. Ukiifungua kwenye simu yako, unachokiona ndicho alichokitengeneza yeye: rangi, herufi, picha, na vile vitufe vya kubonyeza. Yaliyo nyuma ya hapo, kule wanakowekwa wanafunzi na alama zao, hayakuwa yake. Hayo yalikuwa ya mwenzake.

Nayaandika haya kwa sababu nimechoka kuulizwa. Zamani nikienda dukani ilikuwa, “Eti mjukuu wako anatengeneza simu?” Hatengenezi simu. “Eti anachapa barua za wakubwa?” Hachapi. Siku hizi wameacha kuuliza kazi yake, wanauliza alifanya nini hata akafungashiwa virago, na kabla sijafungua mdomo wanajibizana wenyewe. Basi someni. Kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, na herufi zangu ni kubwa kama meno ya farasi, lakini nilichokiona nimekiona kwa macho yangu na nimekinusa kwa pua yangu.

Mimi namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike. Mama yake, mwanangu wa kumzaa, aliniachia angali ananyonya kidole gumba, akaenda kutafuta maisha. Hayo maisha sijui aliyapata wapi, maana hakurudi kutuonyesha. Nikamlea mimi. Alikuwa mtoto wa kupanga vitu. Ukimpa mchele achague, mawe anaweka huku, mchele huku, halafu na yale mawe anayapanga makubwa kwa madogo. Nikitundika kalenda ukutani, nikigeuka nakuta kaihamisha. “Bibi, pale ilikuwa inaniumiza macho.” Mtoto wa namna hiyo huwezi kumfundisha kufumba macho. Ndilo lililomponza.

Alisoma chuoni hapo hapo na akabaki hapo hapo kufanya kazi, kwa mkataba. Mkataba wa muda mfupi, ukiisha anapewa mwingine wa muda mfupi, kama mgonjwa anayelishwa uji kwa kijiko cha chai. Aliyeshika kijiko ni Naibu Mkuu wa chuo, mwanamume wa suti, mwenye viatu vinavyong’aa mpaka unaona sura yako. Kila mkataba ukikaribia kuisha, Naibu alikuwa anamwambia, “Safari hii tunakupa ajira ya kudumu, binti. Vumilia kidogo.” Mke mwenzangu akawa mtu wa kuvumilia kidogo. Hiyo ajira ya kudumu ndiyo aliyoitamani kuliko mume. Alitaka aamke asubuhi akijua kazi yake ni yake, akiugua atibiwe, apange mambo ya mwaka mzima badala ya kupanga ya mpaka mwisho wa mwezi. Kilikuwa kitu kidogo sana kukitamani. Na mimi nilikitamani pamoja naye, sitasema uongo.

Siku moja alisahau waya wa kuchajia kompyuta yake, nikampelekea. Nilidhani nitakuta ofisi. Nilikuta stoo ya viti vibovu, na viti vibovu bado vimo, vimepandishwa juu ya vingine mpaka darini. Katikati wamebananisha meza mbili, moja yake, nyingine ya huyo mwenzake, mwanamume mnene, mpole, mwenye miwani. Akasimama kunisalimia kama mtu aliyelelewa.

“Shikamoo bibi. Karibu. Mimi ndiye wa nyuma.”

“Marahaba. Nyuma ya nini, mwanangu?”

“Nyuma ya mjukuu wako. Yeye ni wa mbele.”

“Hebu nyamaza kwanza,” nikamwambia. “Maneno hayo usiyarudie mbele ya watu.”

Walicheka mpaka mke mwenzangu akaegemea viti, viti vikataka kutuangukia. Ndipo wakanieleza kwamba kwao tovuti ina fundi wa mbele, wa yale yanayoonekana, na fundi wa nyuma, wa yale yasiyoonekana. Tangu siku hiyo namwita Fundi wa Nyuma, na anaitika.

Nikaangalia kioo cha kompyuta. Palikuwa na picha ya rafu za vitabu, na chini yake maneno. Nikasoma polepole, kidole kikifuata mstari: *Nani kaacha sufuria wazi? Nzi ni wageni wenu? Kama ni wageni wenu wapeni na viti.*

“Haya si maneno yangu?”

Fundi wa Nyuma akainama akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mke mwenzangu akasema, “Ni maneno ya kujazia, bibi. Wenye maneno wanachelewa kuleta maneno, na mimi siwezi kujua ukurasa utakaaje ukiwa mtupu. Kwa hiyo najaza chochote, kama unavyojaza matambara kwenye mto ili uone umbo. Mafundi wengine wanajaza maneno ya kigeni yasiyo na maana. Mimi yananitia usingizi. Najaza yako.”

“Ukigomba asubuhi nyumbani,” Fundi wa Nyuma akasema kutoka chini ya meza, “mchana tunakusoma hapa.”

“Na yakienda hivyo hivyo kwa watu?”

“Hayaendi. Kabla sijarusha hewani, Naibu lazima asome aseme sawa. Hapo ndipo yanapotolewa yako yanawekwa yao.”

Sikucheka. Mtu hachekei mali yake inapochukuliwa bila kuombwa. Lakini niliona yamekaa vizuri, kwa herufi zilizonyooka, na nafasi ya kupumua kila upande.

Basi nikataka kujisaidia. Hapo ndipo uchafu unapoingia katika habari hii, na hautatoka tena.

Choo cha wafanyakazi kilikuwa na kufuli. Ufunguo anao katibu muhtasi, na katibu muhtasi alikuwa ametoka, na ufunguo umo kwenye mkoba wake. “Choo hicho ni cha wakubwa,” mke mwenzangu akasema huku kaangalia pembeni. “Sisi tunakwenda bweni la wasichana.” Mtu mzima, mfanyakazi, anatembea nusu uwanja kwenda kuomba choo kwa wanafunzi!

Harufu ilitupokea kabla ya mlango. Nyuma ya bweni kuna mfereji wa wazi, na maji yake hayaendi. Yamekaa. Yana povu la kijivu juu, na pembeni ukijani unaoteleza, na juu ya povu vinaelea vitu ambavyo mwanamke akiviona anajua ni nini na anaona aibu kwa niaba ya wote. Juu ya mfereji huo huo wamefunga kamba, na kwenye kamba wameanika nguo zao nyeupe. Ndani, sakafu yote ni maji. Wamepanga matofali ya kukanyagia kutoka mlangoni mpaka kwenye matundu. Bomba halina kichwa, limezibwa kwa kijiti na mfuko wa plastiki. Msichana mmoja alikuwa pale mlangoni, ndoo mkononi, akisugua meno. Anasugua meno humo! Akanitolea mswaki mdomoni kwa heshima.

“Bibi, kanyaga tofali. Lile la katikati linacheza, liruke.”

Niliruka. Umri huu, naruka. Nilichokuwa nimekula asubuhi kilipanda mpaka kooni, nikakimeza kwa kiburi, kwa sababu sitapikii mbele ya watoto. Ukuta wa ndani ulikuwa na doa la maji lililoanzia chini likapanda kama mti, jeusi katikati, njano pembeni. Nzi hawakuruka nilipoingia. Nzi wakishiba hawana haraka.

Nilipotoka nikamuuliza yule msichana, “Na mnalala hapa?”

“Tunalala, bibi. Ukikaa wiki pua inazoea.”

Alisema kwa tabasamu, na hilo ndilo lililonichefua kuliko mfereji. Mfereji ni mfereji. Lakini mtoto wa mtu kufundishwa kuzoea!

“Hiki ni chuo cha namna gani?” nikamuuliza mke mwenzangu njiani.

“Chuo kishiriki, bibi. Kinashirikiana na chuo kikuu kilicho mbali.”

“Kinashirikiana na nzi.”

Jioni ile niliiloweka gauni yangu kwenye beseni, nikabadilisha maji, nikaloweka tena, na huku nasema. Nilisema mpaka chakula kikapoa. Mke mwenzangu kakaa mezani, vidole vinabonyeza.

“Unaandika nini?”

“Unavyosema. Rudia hapo pa tofali.”

Nikarudia hapo pa tofali.

Haukupita muda mrefu Naibu akataka ukurasa mpya. Wanafunzi wapya walikuwa wanakaribia kuchagua vyuo, na vyuo siku hizi vinagombea wanafunzi kama makondakta wanavyogombea abiria. Akataka ukurasa wa mabweni. Mke mwenzangu akaenda na kamera, akapiga picha alichokikuta. Naibu akaziangalia, akakunja uso.

“Binti, hizi picha zina madoa.”

“Ukuta ndio wenye madoa, mzee.”

“Ndiyo maana tunaye mtaalamu. Safisha.”

Hakumaanisha ukuta.

Jumapili nilimkuta mezani karibu na dirisha, anasafisha. Nilisimama nyuma yake nikaangalia. Anapitisha mshale mdogo juu ya mfereji, na pale anapopitisha panaota majani. Anapitisha juu ya doa, ukuta unakuwa mweupe kama yai. Kitanda wametandika shuka iliyoazimwa kwenye nyumba ya wageni, nembo ya nyumba ya wageni inaonekana kwenye kona. Akaifuta na nembo.

“Umefagia kwa kidole,” nikamwambia.

“Ni amri, bibi.”

“Na yule msichana mwenye mswaki, naye umemfuta?”

“Hakuwepo kwenye picha.”

“Aha. Basi umefanya vizuri, hukupoteza muda.”

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, si kwa kulia, ni kwa kukodolea kile kioo. “Bibi, mkataba unaisha mwezi huu. Sahihi ni yake. Amesema fomu ya ajira ya kudumu imeshajazwa, imebaki yeye kuweka mkono. Unataka nimwambie nini? Kwamba bibi yangu ananusa?”

Nikamwambia aendelee kufuta, ila asinionyeshe tena. Nikachukua sahani yangu nikaenda kulia chakula nje, juani, peke yangu. Nilichefukwa naye, na sikumficha. Ukimpenda mtu unamchefukia zaidi, maana mgeni utamtemea mate upite zako, lakini huyu lazima urudi ndani ukalale naye chumba kimoja.

Picha zikawa tayari. Maneno ya kuweka chini yake alitakiwa kuyaleta Naibu. Hakuyaleta. Aliahidi kesho, kisha kesho nyingine. Mke mwenzangu akajaza ya kujazia, kama kawaida yake, akamtumia ukurasa autazame, akamkumbusha maneno bado. Siku ya siku Naibu alikuwa kwenye mkutano na wageni wakubwa, akapiga simu. Fundi wa Nyuma alikuwepo, alisikia kila kitu, na ndiye aliyenisimulia.

“Binti, ule ukurasa wa mabweni, rusha sasa hivi. Nataka niwaonyeshe wageni.”

“Mzee, yale maneno umeyasoma?”

“Nimeyasoma, mazuri sana. Rusha.”

“Yote umeyasoma, mzee? Mpaka chini?”

“Binti! Nimesema mazuri. Unanifundisha kusoma? Rusha!”

Akarusha.

Watu wananiuliza kama alifanya makusudi. Na mimi nilimuuliza. Alinijibu, “Bibi, aliniambia ameyasoma.” Hilo ndilo jibu lake mpaka leo na hajalibadilisha, na mimi siongezi chumvi.

Basi ukurasa ukawa hivi. Juu, kwa herufi kubwa za bluu: *Karibu Nyumbani*. Picha ya bweni, majani yameota pasipoota majani. Na chini ya picha, kwa herufi zilizonyooka:

*Ingia ukiwa umeziba pua. Chini ni maji, na maji hayo hayana jina. Kanyaga tofali. La katikati linacheza, liruke, hata kama una magoti mabovu ruka. Usiguse ukuta, ukuta unatoka jasho. Ukisikia nzi usimfukuze, yeye ni mwenyeji na wewe ni mgeni. Hivi waliopajenga hapa wana mama zao? Wana dada? Nguo nyeupe unaianika juu ya mavi halafu unaivaa kwenda kusoma!*

Unajua kilichotokea? Hakuna. Hakuna kilichotokea! Wageni wakubwa walionyeshwa wakapiga makofi. Walimu wakatumiana kwenye kundi lao la simu. “Hongera kitengo cha tovuti.” “Ukurasa unavutia.” Mmoja, tena mwalimu wa lugha, aliandika, “Picha safi na maelezo yenye mvuto.” Mvuto! Fundi wa Nyuma alinionyesha kwa simu yake, nikasema ondoa hicho kitu mbele yangu kabla sijatapika kweli. Watu wanaolipwa kusoma. Waliona majani yakawatosha.

Mke mwenzangu siku hizo hakuwa akila. Kila asubuhi anakwenda kazini akidhani leo wataona, na kila jioni anarudi hawajaona. Alimwandikia Naibu tena: maneno ya mabweni bado, mzee. Naibu akamjibu kwa kidole gumba. Siyo maneno, kile kidole gumba cha kuchora.

Aliyesoma ni mama mmoja. Alikuja getini na binti yake na sanduku la bati, simu mkononi. Mlinzi akaamka.

“Nimemleta mwanangu bwenini,” mama akasema. “Ila hapa pameandikwa nikanyage tofali. Nionyesheni hilo tofali.”

“Tofali gani, mama?”

“Linalocheza.”

Mlinzi, maskini ya Mungu, hakuwa na la kuficha. Akampeleka. Yule mama aliziba pua kama alivyoambiwa, akaingia, akalikanyaga la katikati, likacheza. Akatoka anapiga kelele kwamba chuo hiki angalau kinasema kweli, na binti yake hatalala humo hata kwa mtutu. Alisimama katikati ya uwanja akausoma ukurasa wote kwa sauti. Wasichana wakatoka vyumbani na simu zao. Mpaka saa ya chakula kila mtu chuoni alikuwa amekwisha kusoma, na ndipo Naibu naye akasoma.

“Nani kaandika upuuzi huu?”

“Bibi yangu,” mke mwenzangu akajibu.

“Mlete huyo bibi yako.”

Sikuletwa. Nilikwenda mwenyewe, asubuhi ya pili yake, nimevaa gauni ile ile, imefuliwa na kupigwa pasi. Ofisi ya Naibu ina zulia, ina mashine ya ubaridi, na imepuliziwa marashi ya kopo mpaka unayaonja ulimini. Nikajua kwa nini. Dirisha lake linaangalia upande wa bweni. Mke mwenzangu alisimama, Fundi wa Nyuma kabanwa kwenye kona. Mimi nikakaa bila kukaribishwa.

“Shikamoo bibi,” Naibu akasema huku macho yako kwenye simu.

Sikuitika. Akasubiri, akaona siitikii, akaiweka simu chini.

“Bibi, hakuna ubaya. Sisi ni familia. Hapa tumepata ajali tu, na ajali tunaitengeneza. Tutatoa taarifa kwamba tovuti yetu ilivamiwa na wahalifu wa mtandao, wakaweka maneno ya uzushi. Binti ndiye mtaalamu, yeye ataiandika na kuweka sahihi. Wewe kazi yako ni ndogo, ukiulizwa useme hukusema.” Akafungua droo, akatoa karatasi, akaiweka juu ya meza upande wa mke mwenzangu. “Na hii hapa ajira yako ya kudumu. Nikipata taarifa yako, na mimi naweka mkono hapa. Leo hii.”

Nilimwona mke mwenzangu akiiangalia ile karatasi. Aliiangalia kama mtu mwenye kiu anavyoangalia glasi.

“Kwa hiyo mhalifu ni mimi?” nikauliza.

“Hapana, bibi. Hakuna mhalifu hasa. Ni namna ya kusema.”

“Niliingia kwa mlango. Sikuvamia. Nilibanwa, na chenu mmekifunga.”

“Bibi, mambo haya ni ya kitaalamu. Wewe hata kompyuta huijui.”

“Siijui. Mavi nayajua.”

Fundi wa Nyuma akakohoa kikohozi kirefu. Naibu akanyoosha tai yake. Akaniacha mimi kama mtu anavyoacha mlango usiofunguka, akamgeukia mjukuu wangu kwa sauti ya asali. Akamvika kilemba cha ukoka: kijana hodari, jicho la pekee, chuo kinamtegemea.

“Na wewe mwenyewe unaona tatizo, binti, wewe mtu wa kupanga vitu. Picha zinasema hivi, maneno yanasema vile. Mtu akifungua anachanganyikiwa. Haipendezi. Picha na maneno lazima vilingane. Nenda kavilinganishe sasa hivi, halafu njoo tumalize habari ya sahihi.”

“Vilingane tu, mzee?”

“Vilingane. Ndicho ninachotaka.”

“Sawa, mzee.”

Tukashuka mpaka stoo, sisi watatu. Nilidhani anakwenda kuyafuta maneno yangu, na nilikuwa nimeshajiandaa kumkatia usemi mpaka nife. Akakaa. Akafungua kompyuta. Akaivuta ile picha ya majani akaitupa. Kisha akafungua mahali alipozihifadhi zile za kwanza, zenye madoa, akaanza kuziweka moja moja. Bomba lenye kijiti. Doa lililopanda kama mti. Matofali.

“Bibi,” akasema bila kugeuka, “lile povu ulisema kijivu au kijani?”

“Kijivu. Kijani ni pembeni.”

“Basi ni hii.”

Akaiweka. Akarudi nyuma akatazama, akaisogeza kidogo, akaipanua, akaupa ukingo nafasi. Hata uchafu aliupanga ukapangika. Chini ya picha ya tofali akaweka habari ya tofali, chini ya ukuta habari ya ukuta.

Fundi wa Nyuma alikuwa anajifuta shingo. “Mwenzangu, ukibonyeza hapo, ile karatasi ndiyo basi.”

“Najua.”

“Amekuwa akikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka yote, lakini safari hii nimeiona, ipo kweli. Imepigwa mpaka muhuri.”

“Nimeiona na mimi.”

“Basi ngoja nitoke nje nisione.” Akatoka. Akarudi papo hapo. “Nimesahau miwani.” Miwani alikuwa ameivaa.

Mke mwenzangu akaninyooshea mkono, sijui kwa nini, nikaushika. Ulikuwa baridi na unatoka jasho kama ule ukuta. Akabonyeza kwa mkono mwingine.

Halafu akapanda ngazi peke yake, akamwambia Naibu, “Vimelingana, mzee.” Sikuwepo, lakini nilisikia, na nadhani na barabarani walisikia. Kelele za Naibu zilishuka ngazi zote. Mwizi wa fadhila! Msaliti! Hutapata kazi popote! Fundi wa Nyuma aliagizwa auondoe ukurasa dakika hiyo hiyo, na kwa bahati mbaya dakika hiyo hiyo akashikwa na tumbo, na choo cha wafanyakazi kilikuwa na kufuli, ikabidi aende mbali. Mpaka aliporudi, watu walikuwa wamekwisha kuzihifadhi picha kwenye simu zao.

Tulikusanya vitu vyake. Waya wa kuchajia, kikombe, na mto mdogo wa kukalia niliomshonea mimi. Mkataba ulikuwa na siku zake zilizobaki, wakamwambia azikae nyumbani.

Msidhani sasa nitawaambia bweni limejengwa upya. Ukifungua ukurasa wa mabweni leo utakuta maneno mawili, *Tunatengeneza. Subiri*, na hata hayo aliyaweka yeye zamani kwa ajili ya kurasa zilizoharibika. Yule mama alimpeleka binti yake chuo kingine. Wengine waliwaleta wa kwao, kwa sababu hawana pengine. Naibu yupo, na viatu vyake vinang’aa. Mke mwenzangu anafanya kazi hapa mezani, karibu na dirisha. Anatengeneza nyuso za watu wadogo: zahanati, mwuza samani, fundi wa madirisha. Leo ipo, kesho haipo. Ajira ya kudumu haizungumziwi ndani ya nyumba hii, kama vile haizungumziwi habari ya mtu aliyevunja uchumba. Wakati mwingine ananiambia, “Bibi, gomba kidogo, nina ukurasa mtupu.” Namnyima. Nagomba kwa wakati wangu.

Mwezi uliopita nilipita chuoni kumpelekea Fundi wa Nyuma ufunguo wa stoo aliousahau mke mwenzangu mkobani. Nikazunguka nyuma ya bweni, pua nimeiziba. Mfereji upo. Mbele yake wametundika turubai kubwa la plastiki, refu kama ukuta, ili mtu akiwa getini asiuone. Na juu ya turubai wamechapisha picha. Zile zile alizosafisha. Majani chini, ukuta mweupe juu yake, na kitanda chenye shuka ya kuazima, vyote vimeungwa pamoja. Wasichana wamefunga kamba zao kwenye pembe za turubai wanaanika.

Nilikaribia nikaangalia. Chini turubai limegusa maji. Uchafu umeanza kupanda ndani ya picha, umeshakula majani yote, umefika ukutani, na pale ukutani umefanya doa kama mti, jeusi katikati, njano pembeni.

Nilipofika nyumbani nikamweleza.

“Limefika wapi?” akauliza.

“Pale pale ulipolifuta.”

Aliacha kubonyeza. Akaniomba nimpe beseni, anawe mikono.